Koti la Hilkka Juu ya Mhaapa

Asubuhi ile theluji ilikuwa imeyeyuka yote, ardhi inanuka majani yaliyooza, na Hilkka alikuwa anakata mkate mtamu wa iliki kumsubiri mdogo wake. Alitandika kitambaa cha marehemu mama yao, akatoa na vikombe vya maua. Mikono ilikuwa inaandaa, lakini moyo unaungua. Tuulikki alikuwa anakuja kuonyesha ramani ya nyumba yake mpya.

Wivu huo haukuanza jana. Hilkka ndiye aliyebaki kijijini kumwogesha mama na kumlisha mpaka akakata roho. Tuulikki alikuwa mjini Tampere na mumewe, anakuja Krismasi na maua ya dukani, anasifiwa. Wosia ulipofunguliwa, Hilkka akaachiwa nyumba kuukuu na msitu ulio nyuma yake. Tuulikki akapata ufuko wa ziwa, na jua lote la jioni. Jamani, haki iko wapi hapo?

"Madirisha mpaka chini, dada," Tuulikki alisema, mdomo umejaa mkate. "Unakunywa kahawa yako huku unatazama maji."

"Nani, mimi? Mimi maji yangu nayatazama kisimani."

"Aa, na wewe! Huachi tu maneno yako!" Tuulikki akacheka. "Bado kibali tu. Kesho anakuja afisa wa mazingira kuangalia kama pana kindi. Uje basi, dada, usiniache peke yangu."

Alikuwa anawazungumzia wale kindi warukao, wenye macho meusi makubwa. Ni wanyama adimu, na sheria inawalinda kwelikweli: palipo na makao yao haukatwi mti, hakijengwi hata choo. Kumwona mwenyewe ni bahati, kwa hiyo hutafutwa kinyesi chake chini ya mihaapa, ile miti ambayo majani yake hutetemeka hata pasipo na upepo. Ni punje ndogo za manjano, utadhani mtu kamwaga wali wa bizari. Kule ufukoni hapakuwa na hata punje moja. Nyuma ya nyumba ya Hilkka, chini ya mhaapa mkongwe, zilikuwa tele.

Mama alikuwa na mwiko mmoja juu ya mhaapa ule. Kilicholala chini yake kisihamishwe. Anayekihamisha, msitu unamfunika: watu watapita mbele yake wasimwone, ataita wasimsikie. Aliwafundisha na dawa yake, kwamba aliyefunikwa avue koti, aligeuze ndani nje, alivae, ataonekana tena. Tuulikki, akiwa mdogo, alilia kwa hofu. Hilkka alimcheka siku nzima.

Mdogo wake alipoondoka, Hilkka alichukua kopo la kahawa na kijiko. Akachota punje mpaka kopo likajaa. Akavuka mpaka wa shamba, akazimwaga chini ya mihaapa ya ufukoni, hapa kidogo, pale kidogo, roho inamchezacheza kwa raha.

"Haya, jenga sasa," akanong'ona. "Jenga tukuone."

Juu yake majani yakatetemeka. Hilkka akainua macho. Miti ilikuwa mitupu. Majani yalikuwa hayajachipua.

Kesho yake afisa alikuja, kijana mpole aitwaye Eljas. Hakuchukua muda. Alipiga magoti chini ya mti wa kwanza, akaokota punje, akainua uso.

"Pole, mama. Wapo. Hapa hapajengwi."

Hilkka alikuwa amesimama kando yao, ameubana mdomo asicheke. Alitaka kuuona uso wa mdogo wake ukimshuka, na aliuona. Ulikuwa mtamu kuliko alivyodhani. Kisha akasogea, akamwekea mkono begani.

"Pole, mdogo wangu. Ndiyo dunia."

Tuulikki hakugeuka. Alikuwa anajifuta machozi.

"Sijui nitamwambiaje dada," alimwambia Eljas. "Chumba cha kutazama ziwa kilikuwa chake. Nilitaka nimshtukize, nimpe ufunguo tu. Amemuuguza mama peke yake, mimi nilikimbia." Akaangaza huku na huku. "Mbona hajaja?"

Hilkka alikuwa bado amemshika bega.

"Nipo hapa," alisema. "Tuulikki. Nipo hapa!"

Eljas aliinua kichwa. "Umesikia? Kama majani."

Hilkka akamtikisa mdogo wake. Tuulikki akajikunja kidogo. Kama mtu aliyepitiwa na baridi. Basi.

Koti. Alikumbuka koti. Akalivua. Akaligeuza. Punje za manjano zikamwagika. Kutoka mikononi mwa koti. Kutoka kwenye bitana. Hazikuisha. Akalivaa hivyo hivyo, akapiga kelele mpaka koo likauma. Tuulikki alimpita karibu, pumzi yake ikamgusa shavu. Alikuwa anaelekea nyumbani kumtafuta.

Hilkka akamfuata akilia. Alitaka amwambie jambo moja tu. Kwamba ni yeye aliyezimwaga punje.

Nyumbani birika lilikuwa bado la moto. Tuulikki aliita kila chumba. Aliita hata saunani, kibanda cha kuogea kwa mvuke. Mwishowe akafika chini ya mhaapa mkongwe, akaona pale palipochotwa, na kijiko cha mama kimesahaulika. Akakitazama kijiko. Akatazama upande wa ufukoni.

"Dada," akanong'ona. "Umefanya nini? Geuza koti, dada."

"Nimegeuza," Hilkka alisema.

Majani yakatetemeka juu ya mti mtupu.

Polisi walitafuta na mbwa. Mbwa walizunguka mhaapa ule, wakalala chini, wakakataa kuondoka. Msimu wa joto ulipoingia, Tuulikki alimleta Eljas tena, akamwonyesha kule juu, kwenye tawi ambalo hakuna ngazi inayolifikia. Koti la Hilkka linaning'inia pale, ndani nje, vifungo vyote vimefungwa. Upepo ukivuma halipepei. Linakaa limejaa kama limevaliwa, limegeukia ziwani.

Tuulikki aliomba mti ukatwe, koti literemshwe.

Eljas alitazama punje za manjano zilizojaa shinani, akatikisa kichwa. Mti ule haukatwi.