Filda Aliyekosa Jua

Kila siku, watoto wa mtaa wa Kibuli walipopita wakienda shule, Filda alikuwa ameshaamka, amekunja mkeka na kumsaidia mama yake kukoroga uji. Baada ya hapo wawili hao walirudi chumba cha nyuma na kutia komeo. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao. Filda alikaa chini akarudia hesabu za darasa la sita kwa sauti ya kunong'ona, asije akazisahau.

Mambo yalikuwa hivyo tangu baba yake, Konstebo Obwona, alipochukuliwa na wanajeshi akiwa kazini. Miaka hiyo nchi ilikuwa mikononi mwa jeshi, na mtu wa kaskazini aliyevaa sare kama yeye aliweza kutoka nyumbani asubuhi asionekane tena. Hakuna aliyewaambia alikopelekwa. Santina, mama yake Filda, alimshika binti yake mkono wakatoroka nyumba za polisi bila kubeba hata sufuria. Walibisha hodi kwa Maimunah, mjane mwenye duka dogo la vitambaa ambaye Santina alizoea kununua kwake. Mjane yule hakuwauliza mengi. Aliwafungulia chumba.

Santina alikuwa na amri moja: Filda asitoke nje, hata uani. Mtoto mmoja akimwona atamwambia mwenzake, na habari zitafika kusikotakiwa. Filda alitii. Msimu wa mvua ukapita, wa kiangazi ukapita, naye yumo ndani tu. Chakula nacho kilikuwa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage, na chai kavu. Maziwa na mayai yalikuwa shida kupatikana mjini.

Ndipo ufizi wake ulipoanza kuvimba. Alipopiga mswaki, mate yalitoka mekundu. Miguu ilimuuma mifupani, na usiku alijigeuza huku na huku. Hakumwambia mtu. Aliosha mswaki haraka, akatafuna kwa upande mmoja, na mama yake alipomuuliza mbona hali, alisema ameshiba. Alijua ugonjwa maana yake ni hospitali, na hospitali maana yake ni barabara yenye wanajeshi. Aliona ni heri aumie yeye kuliko mama yake kukamatwa.

Lakini maradhi hayafichiki. Siku moja aliamka shavu limefura, gego linacheza, na hata uji hakuweza kuumeza. Maimunah alimfunua mdomo akaangalia. Kisha akasema mtoto lazima aende hospitali ya Mulago.

"Wakimjua je?" Santina aliuliza.

"Atakwenda na mimi, ajulikane kama mjukuu wangu," Maimunah alimjibu. "Mwanangu, umemficha mtoto wasimwue watu. Sasa anakufia humu ndani."

Santina alilia, kisha akamfunga binti yake mtandio kichwani. Jina lake barabarani lingekuwa Nusura.

Karibu na hospitali palikuwa na kizuizi. Mwanajeshi mmoja alisimamisha teksi yao, akachungulia ndani, macho yakatua kwa Filda.

"Hii mtoto naitwa nani?" aliuliza.

Filda alifungua mdomo ajibu, lakini maumivu yalimbana na sauti haikutoka. Badala yake yalichuruzika mate yenye damu hadi kidevuni. Maimunah alimpangusa kwa ncha ya leso, akasema kwa upole kwamba mjukuu wake ana jino baya. Mwanajeshi aliwatazama kwa muda, bunduki imelala kifuani. Mwishowe aliupiga mlango wa teksi kwa kiganja, dereva akaondoa gari.

Daktari wa meno alikuwa Dakta Ochan, mtu mwembamba mwenye macho yaliyochoka, kwani wenzake wengi walikuwa wamekimbia nchi. Alimkagua Filda taratibu. Aliuliza kama anapiga mswaki. Maimunah akasema hakosi siku. Daktari akaibonyeza miguu yake, Filda akaguna. Daktari akauliza anapenda kucheza wapi.

Filda alifundishwa aseme anacheza uani na wenzake. Alimtazama Maimunah, akautazama mlango. Kama angesema uongo, angerudi nyumbani na dawa ya ugonjwa mwingine. Kama angesema kweli, huenda mtu huyu angewauza. Daktari aliinuka, akaufunga mlango, akarudi kuketi.

"Sichezi," Filda alisema. "Sijatoka nje tangu baba achukuliwe."

Dakta Ochan hakuuliza baba ni nani. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaeleza. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D. Bila hiyo, mwili hauwezi kutumia vizuri madini ya chakula yanayoimarisha mifupa na meno. Mfupa unaoshika meno hulegea, na ufizi hukosa nguvu za kupigana na vijidudu. Mswaki ni lazima, lakini peke yake hautoshi. Gego moja lilikuwa limeharibika, likang'olewa. Mengine, alisema, yangeweza kuokolewa.

"Ungeninyamazia leo," aliongeza, "ningetibu ufizi tu, na mwakani ungerudi kung'oa mengine."

Aliagiza jua la mchana kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi, na dagaa, mayai au maini kila yakipatikana.

Kumshawishi Santina hakukuwa rahisi. Uani palionekana kutoka nyumba za jirani. Maimunah alifikiri, kisha akatoa majora ya vitambaa dukani, akayaanika kwenye kamba pande zote nne, kama mtu aliyetoka kufua. Katikati palibaki nafasi ya kuketi, wazi kwa juu. Mchana Filda aliingia humo, na jua likamwangukia mabegani. Alifumba macho. Mwanzoni mwanga ulimuumiza.

Maimunah aliwatafutia dagaa sokoni Nakasero, na kuku aliowanunua wakitaga, yai la kwanza lilikuwa la Filda. Polepole damu ikakoma kwenye mswaki, ufizi ukakaza, miguu ikaacha kuuma. Habari za baba hazikuja. Milio ya risasi iliendelea kusikika, na komeo liliendelea kutiwa kila jioni.

Siku Filda alipotafuna hindi la kuchoma bila kuguna, mama yake alimketisha karibu naye.

"Nilidhani kukuficha kunatosha," Santina alisema. "Sikujua mwili una haja zake, hata wakati wa hatari. Lakini na wewe ulinificha maumivu, Filda, na ugonjwa ukapata nafasi ya kukua. Hofu yangu niachie mimi. Ukiumwa, sema siku ileile."

Filda aliahidi, akaendelea na hindi lake.