Vipimo Vipya Viko Wapi?

Kila asubuhi mkata nguo alikunywa chai wima wima, akatandaza kitambaa mezani, akaanza kazi. Kiwanda kidogo cha sare alimofanyia kazi kilikuwa cha kaka yake.

Siku hiyo kaka aliingia amefura. Sare za wauguzi zimerudishwa. Mikono ni mifupi!

"Vipimo vipya si nilivituma kwenye kundi la simu?"

"Ulivituma kati ya rambirambi na picha za harusi, kaka. Ningevionaje?"

"Ukikosea tena, meza hii nampa mwingine."

Maneno hayo yalimchoma. Kukata nguo ndiyo kazi aliyoipenda tangu usichana wake.

Mume wa mdogo wao, fundi wa kompyuta, akaitwa. "Si mna tovuti ya ndani, ile ya wafanyakazi tu?"

"Ipo! Niliipanga mwenyewe," kaka alijibu kwa majivuno.

Wakaifungua. Picha ya kaka ilijaa kioo kizima, tai shingoni. Chini yake, salamu ndefu. Huko chini kabisa kulikuwa na kurasa tatu za vipimo, zote zimeandikwa "vipya". Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji," alimuuliza mkata nguo, "ukifika kazini unatafuta nini kwanza?"

"Vipimo. Sura ya kaka naijua."

Hata kaka mwenyewe alicheka.

"Basi vipimo vikae juu," fundi alisema. "Viwe mahali pamoja tu. Vya zamani viondolewe, visichanganye watu. Na kila ukurasa uwe na mtu wake wa kuutunza, aandike jina lake na tarehe. Kundi la simu libaki la salamu."

"Vipimo atavitunza nani?" kaka aliuliza.

"Anayevitumia kila siku."

Kaka alimtazama dada yake, akasita. "Haya, tujaribu."

Mwanzoni washonaji waliendelea kumpigia kelele: "Kola inchi ngapi, dada?" Naye aliwajibu, "Fungua ukurasa, mpenzi!" Polepole wakazoea. Mzigo wa wauguzi ulikatwa upya, na safari hii haukurudi.

Kisha mkuu wa wauguzi akampigia kaka simu. Alitaka kola ibadilishwe.

"Usiniambie mimi," kaka alisema, akitembea na simu hadi mezani. "Mwenye vipimo hapa ni dada yangu."

Mkata nguo aliipokea kwa furaha. Aliandika kila neno kwenye ukurasa, akaweka tarehe, ndipo akagusa kitambaa.