Sikio Linalofungwa na "Sijambo"

"Mama Yusta, mtoto akirudi kutoka nyikani amenyamaza, utajuaje kama amepona au ameogopa?"

Hilo aliliuliza jirani yake, Mama Gaudensia, siku mchungaji-chuma, mashine ya kambi ya kurekebisha watoto wakaidi, alipokuja kumchukua Yusta.  Mama Yusta alikuwa akiitazama ile mashine: miguu sita, pipa la maji mgongoni, inashuka ngazi za ghorofa bila kumwaga hata tone. Kifuani ilikuwa na sikio-umeme, kitu kama ungo mdogo. Walielezwa kwamba kila alfajiri huko nyikani mashine humuuliza kila mtoto, "Hujambo?", na kwa jibu lake humpangia mwendo wa siku. Hakuna fimbo wala askari. Watoto wakaidi wa Singida nzima walikuwa wakirudi wapole.

Yusta alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu baba yake azikwe, alikuwa harudi nyumbani mpaka atafutwe, na shuleni alikivunja kioo cha kufundishia kwa kiti. Mama yake alisali novena ya siku tisa, kisha akaweka kidole kwenye fomu.

Alirudi baada ya wiki tatu, mpole kweli, anatembelea gongo. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekatwa.

Sasa mama na binti walikuwa wamekaa ofisini kwa Mhandisi Kilave, mkuu wa kambi. Mchungaji-chuma alisimama kando ya mlango. Mezani palikuwa na karatasi ya kusainiwa, ikisema mtoto hakutoa taarifa ya ugonjwa.

"Pole sana, mama. Lakini mashine haisemi uongo. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza. *Hujambo, Yusta?* Sijambo. Siku ya tano: sijambo. Siku ya tisa, sauti imekauka: sijambo.

"Umesikia? Kachomwa na mwiba, kanyamaza siku kumi na moja mpaka vidole vikaoza. Ukaidi ule ule uliomleta."

"Mbona mnamkata?" mama akauliza.

"Tunamkata vipi?"

"Mwanangu anavuta pumzi aseme. Iache iendelee."

Mhandisi akajikuna shingo. Sikio lile, alieleza, limeundwa kubana matumizi ya umeme. Likishapata jibu, hujifunga. Yanayofuata huhifadhiwa tu, hayachambuliwi.

"Fungulia."

Akafungulia.

*Sijambo, namshukuru Mungu. Ila mguu unaniuma.*

*Sijambo. Ila umevimba, kiatu hakiingii.*

*Sijambo. Ila naomba mniitie mama.*

Yusta alikuwa ameinama, anachezea gongo. Mama yake alikuwa ameziba kinywa kwa kiganja; akakiondoa.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema. "Mtu hata akiwa hoi kitandani, akisalimiwa husema sijambo kwanza, ndipo aseme linalomsibu. Wewe hukulelewa na mtu?"

"Nimelelewa, mama. Ila waundaji wa sikio—"

"Waundaji gani? Si jina lako hilo kwenye tumbo la mashine? Kilave! Ulikuwa unalijua hili. Mama yako kakujibu hivyo maisha yake yote, nawe ukaunda sikio linaloondoka mtu anapoanza kusema. Halafu mkaiita mashine hii mchungaji, bila hata aibu mbele za Mungu!"

"Tutarekebisha. Lakini hatuwezi kusimamisha kambi, kuna watoto arobaini nyikani sasa hivi."

"Na hao wanasemaje?"

Mhandisi aliangalia kioo chake cha taarifa. 

"Wote wanasema sijambo."

Mama Yusta aliichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mama, hiyo ni ya ofisi!"

"Jumapili nitaisoma kanisani, mbele ya wazazi wa hao arobaini. Nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Yusta, inuka."

Walipofika mlangoni, taa ya kijani ikawaka kifuani mwa mchungaji-chuma.

"Hujambo, Yusta?"

Mdomo wa Yusta ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Akamtazama mama yake, mwanamke ambaye hajawahi kuruhusu salamu ya mtu ipite bila kujibiwa. Mama akatikisa kichwa.

Yusta akafunga mdomo, akaweka gongo mbele, akaipita ile mashine, akatoka bila kusema neno.