Dokta Aliyekosa Agosti

Majirani wa mtaa wetu wa Section 58, mtanivumilia nikisimulia polepole, nimechoka. Mimi ni Rahab, tunapakana ukuta na akina Sitati.

Ilikuwa Jumamosi tulivu. Mimi na Nasimiyu, mke wa Sitati, tulikuwa uani tunachambua kunde. Mwana wao Maxwel alikuwa anajifunza kupiga njuga, zile kengele za kualikia watu tohara, maana Agosti ilikaribia. Kwao Bungoma vijana hupashwa tohara Agosti, mwaka mmoja ndiyo, unaofuata hapana. Asubuhi ya tohara kijana akitoka mtoni amepakwa matope, baba yake anatakiwa awepo amsimamie, ampe maneno ya wosia. Ukikosa msimu, unangoja miaka miwili.

Dirisha likafunguka, Sitati akatoa kichwa. "Maxwel, wacha hizo kelele. Naandika."

Sitati alikuwa anatafuta udaktari wa falsafa na dini. Na mnajua alikuwa anaandika nini? Jinsi baba Mkristo anavyofaa kumsimamia mwanawe wakati wa tohara. Sina hata nguvu ya kucheka.

Na sisi pia tuna makosa. Alipojiandikisha tu, kanisani tukaanza kumwita Dokta, tukampa kiti cha mbele. Sasa mtu angeyaachia masomo wapi? Profesa wake alimrudishia kazi kila mara, naye akazama tena.

Maxwel alikuwa ameshakosa msimu mmoja. Hata vijana aliowazidi umri walikuwa wanamwita mtoto. Jioni hiyo, mimi nikiwa bado hapo, Nasimiyu akamwambia mumewe, "Baba Maxwel, mwaka huu twende. Tafadhali."

"Profesa anataka sura ya mwisho wiki hiyo hiyo. Si angoje msimu ujao?"

"Atangoja mpaka aote ndevu?"

"Mama Maxwel, nikimaliza hii kitu nitakuwa wenu kabisa."

Nasimiyu alimpigia simu shemeji yake Makokha, ndugu wa Sitati, na Agosti ilipofika akasafiri na mtoto. Makokha ndiye aliyesimama asubuhi ile. Sitati alibaki hapa na kompyuta yake.

Mwaka jana alimaliza, kweli. Tulimfanyia sherehe kanisani, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Akiwa bado na joho lake, akamwita Maxwel mbele ya watu.

"Njoo, mwanangu. Nina maneno yako ya ile asubuhi. Nilichelewa tu."

Maxwel, ambaye sasa amemzidi urefu, alimpa mkono kwa adabu, vile tunavyomsalimia mgeni wa kanisa.

"Asante, Dokta. Nilishapewa."

Nasimiyu aliangalia chini. Sitati alibaki ameshika ule mkono, hajui auachilie au auvute. Ni sisi tulioanza kuimba tena, kwa aibu.

Mafunzo

Masomo si kosa, someni. Lakini kazi ya profesa ukirudishiwa utarekebisha, asubuhi ya mtoto hairudishwi. Na sisi majirani tuache kuwavisha watu vyeo kabla ya wakati, halafu waogope kuvivua. Sitati sasa ni Dokta kwa kila mtu, hata nyumbani kwake, na hakuna siku nimemwona akifurahia.