Miguu Mikavu ya Dada Mkubwa

Asubuhi katika banda la kuoshea mboga huanza kwa vicheko. Mimi nauza chai mlangoni pake, na hakuna anayeingia bila kunipita, kwa hiyo msinibishie. Wanawake hufunga aproni zao za plastiki, hupanga mabeseni, hufungulia mabomba, na karoti na vitunguu huanza kuogeshwa kabla ya kupelekwa madukani na hotelini. Maneno yao mengine siwezi kuyaandika hapa, maana wapo watoto wanaosoma. Lakini niwaambie, jamaa zangu, mle ndani mlikuwa na amani, na amani hiyo ilivunjwa na viatu.

Sakafu ya banda lile haikauki. Mvua zikianza mfereji huziba, maji hufika vifundoni, na chini ya maji kuna misumari ya makreti na waya za kufungia magunia. Mabuti ya mvua kwao si pambo, ni chombo cha kazi. Tatizo ni kwamba mengi yanayouzwa yametengenezwa kwa miguu ya wanaume. Kisigino kinacheza, mguu unateleza ndani, malengelenge hayaishi. Ukipata yanayokukaa vizuri, bei yake inakufukuza dukani.

Basi wanawake wale walikuwa na desturi yao. Kikija kitu kipya, anakijaribu mtu mmoja kwa niaba ya wote, na mtu huyo alikuwa Dada Mkubwa. Hata waliomzidi umri walimwita hivyo, kwa sababu hakujua kuremba maneno. Glavu zikiwa mbovu alisema ni mbovu, tena muuzaji akiwa amesimama palepale. Akivaa kitu, akakaa nacho, kisha akasema, "Kinafaa," wenzake walinunua bila swali la pili.

Dada Mkubwa alikuwa na mdogo wake wa kike, Kitinda, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kitinda alikulia humohumo bandani, akilazwa ndani ya kreti tupu katikati ya mabeseni. Dada yake alipoelemewa na kazi, Mama Mapacha, jirani yake wa beseni, alimfunga mtoto yule mgongoni na kuendelea kuosha. Alikuwa na mapacha wake mwenyewe wa kulea, na bado mgongo wake ulipata nafasi. Likumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Alipokuwa mtu mzima Kitinda aliingia katika biashara ya viatu. Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya alikuja bandani na jozi moja ya mabuti mekundu.

"Dada, haya ni ya kike kabisa," alisema. "Ona kisigino kilivyo chembamba. Ona shingo yake, haikubani nyama ya mguu. Na bei ni ya watu kama sisi."

"Yatadumu?"

"Vaa, halafu utaniambia mwenyewe."

Dada Mkubwa akayavaa. Mvua zikaanza, mfereji ukaziba kama kawaida yake, naye akashinda ndani ya maji siku baada ya siku. Jioni moja aliyavua mbele yetu, akayapindua juu chini. Halikudondoka tone.

"Yanafaa," akasema. Asubuhi iliyofuata Kitinda alizungukwa na wateja hadi nikakosa njia ya kupitisha birika langu.

Mzigo ulikuja ndani ya magunia. Rangi ileile, umbo lilelile, na kung'aa ndiyo usiseme! Mama Mapacha aliyavaa ya kwake, akazunguka mabeseni kwa madaha ya bibi harusi, wenzake wakampigia vigelegele.

"Nataka nikupunguzie bei, mama," Kitinda akamwambia.

"Hunipunguzii kitu. Mtoto wa mgongo wangu ana biashara, nami nikamletee mambo ya kuombaomba?"

Akalipa yote. Kitinda akapokea, tena akiwa anatabasamu. Kila nikilikumbuka tabasamu lile natamani ningelimwagia chai.

Mvua hazijafika hata katikati, mabuti yakaanza kupasuka pale mguu unapokunjika. Akaanza mmoja, akafuata wa pili, kisha banda zima likawa linavaa mifuko ya plastiki ndani ya mabuti. Ngozi za miguu zikabambuka. Wengine walilalamika waziwazi, na Dada Mkubwa alidhani ni misumari ya makreti iliyoyatoboa. Mama Mapacha hakulalamika. Aliyafunga ya kwake kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akashusha aproni yasionekane.

"Usipige kelele," aliniambia siku nilipoona. "Mtoto ndiyo kwanza anajenga jina."

Ni kupitia ufa huohuo waya ulipenya ukamchoma. Akaficha na kidonda pia, akaendelea kusimama ndani ya maji machafu, mpaka mguu ukavimba na mapacha wake wakamkokota hospitalini. Alirudi akiwa amekatwa vidole. Msimamizi akasema hawezi kumruhusu tena kuingia majini, na kazi kavu hakuna.

Siku hiyo ndipo macho ya banda zima yaliposhuka kwenye miguu ya Dada Mkubwa. Mabuti yake yalikuwa mazima, mekundu kama siku ya kwanza.

"Sisi wote tumelowa," mwosha vitunguu mmoja akamwambia. "Mbona wewe umekauka?"

Dada Mkubwa akaliacha beseni lake. Alinishika mkono, akaniomba nimsindikize nyumbani alikoishi na Kitinda, kwani aliogopa mikono yake isije ikampiga. Tulimkuta Kitinda amekaa kitandani anakata kucha.

"Mabuti yangu uliyatoa wapi?"

"Dukani, dada. Si nilikwambia?"

"Na ya wenzangu?"

Kitinda akakitazama kikata kucha. "Kuna mtu alikuwa anayatupa. Yamekaa juani muda mrefu, mpira umekauka. Nikayapaka mafuta, yakarudisha rangi."

Dada Mkubwa akaketi. Aliikumbuka ile harufu ya mafuta ya kujipaka iliyojaa chumba kizima kabla ya mzigo kuja bandani. Aliwahi hata kumsifu mdogo wake kwangu, kwamba anaitunza bidhaa yake.

"Ulijua yatapasuka?"

"Nilijua hayamalizi mvua. Lakini, dada, wewe nilikupa mazima! Ningekuuziaje wewe mabovu?"

"Afadhali ungeniuzia mabovu," Dada Mkubwa alisema. "Ningelowa na wenzangu, wakajua tumeibiwa sote. Wewe ulijua wananunua kwa neno langu. Umenikausha miguu ili uuze mdomo wangu."

"Dada, jamani..."

"Na Mama Mapacha? Aliyekubeba?"

"Yeye hakuuliza chochote. Angeuliza, labda ningempa mengine."

"Hakuuliza kwa sababu alikujua."

Kitinda akaanza kulia. Sikumhurumia, na wala sioni haya kuwaambia hivyo. Dada yake alimtolea nguo zake nje, akazikunja vizuri moja baada ya nyingine, kama alivyozikunja alipokuwa mtoto, kisha akafunga mlango.

Dada Mkubwa aliyapeleka mabuti yake mekundu kwa Mama Mapacha. Akayaweka mlangoni, akaeleza yote bila kujitetea. Mama Mapacha alimsikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini," alisema. "Lakini yaondoe hayo. Mguu wangu wa sasa hauna kazi nayo."

Leo Dada Mkubwa anaosha karoti akiwa na mabuti mengine, ya kawaida. Ukimwonyesha kitu kipya na kumuuliza kama kinafaa, anakwambia, "Jaribu mwenyewe." Beseni la jirani yake halina mtu. Mwosha vitunguu alimwomba msamaha, naye alisamehe, ila kile kicheko cha asubuhi bado nakisubiri.

Funzo

Dada zangu, bei nafuu si dhambi, na kitu kizuri cha bei nafuu kipo. Lakini usinunue kwa mguu wa mwenzako. Chukua jozi ileile utakayoondoka nayo. Ikunje pale kifundo kinapokunjika, utazame kama mpira una nyufa ndogondogo. Ukigusa ukaona unateleza mafuta, ufute kwa kitambaa kwanza uone rangi yake ya kweli. Vaa na soksi za kazi, tembea, kisigino kisicheze. Ukifika nyumbani jaza maji, uache, uone kama yanavuja, tena yote mawili. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Muuzaji akiwa mtu wa nyumbani kwako, fanya hivyohivyo. Kumkagua si kumtukana. Mama Mapacha aliona aibu kukagua, akaona aibu kulalamika, na aibu hiyo imemla vidole.

Na wewe unayeuza, usidhani umempenda ndugu yako kwa kumpa zuri peke yake. Kitinda bado hupita mlangoni pangu, siku hizi anauza miavuli. Huita, "Dada! Dada!" akichungulia ndani. Dada Mkubwa anasikia, maana hata mimi nasikia. Anafungulia bomba zaidi, anaendelea kuosha.