Aliyesimama Katikati ya Mawimbi

Mwanzoni ulikuwa mtandao tu. Nyumbani kwa Masina, kijijini kisiwani Savai'i, waifai ilikatika kila alasiri kwenye chumba cha binti yake Fetu, na humo mkabaki harufu ya udongo mbichi na mlangilangi.

Masina akamwita shemeji yake Fereti, fundi aliyewafungia ruta wiki iliyopita.

"Shemeji, umenifungia mtandao au pambo?"

Fereti akacheka. "Ruta umeificha nyuma ya friji, halafu lawama kwangu! Mawimbi ya masafa ya zamani hupenya kuta, ila ni ya polepole. Haya mapya yana mbio, lakini yakikutana na kuta mbili, hoi. Hata mwili wa mtu huyazuia, maana tumejaa maji."

Akaipandisha ruta juu ya kabati katikati ya nyumba, akawasha masafa yote mawili, akazunguka akipima kwa simu. Sebuleni, safi. Jikoni, safi. Kwenye ujia, mtandao ukaanguka. Akasogea, ukarudi. Akarejea palepale: safi. Sasa ulikuwa umeanguka mlangoni kwa Fetu.

"Nani kapita hapa?" akanong'ona.

"Nani apite? Tuko wawili tu. Fetu kalala, ana homa tangu Jumapili."

Wakalifuata pengo lile, upana wake kama wa mtu mzima, nalo likawatangulia polepole hadi chumbani, harufu ya udongo ikizidi kuwakaba koo, likazunguka kitanda, likainama, mpaka simu ikakosa mtandao kabisa juu ya kifua cha mtoto, naye Fetu, macho kayafumba, akakohoa mchanga mweusi.

Masina akatoka mbio kumwita Bibi Lagi, mganga wa kijiji. Bibi akampaka mtoto mafuta ya nazi, akamwinamia sikioni.

"U nani, mama? Unataka nini?"

Sauti nzito ya mwanamke ikamtoka Fetu. "Nilikuwa nimelala. Akanikata mguu kwa sururu. Akanifukia kama taka."

Masina akageuka. "Shemeji?"

Jasho lilikuwa linamtiririka Fereti. "Nilipochimba mtaro wa waya wa ruta huko nje... nilidhani mifupa ya nguruwe." Akamtazama mtoto. "Hapana. Nilijua."

Wakaufukua mtaro. Masina akaipokea mifupa kwa mikono yake, akaifunga kwenye mkeka wake wa harusi, akalia na kuomba radhi. Fereti alisimama mbali, mikono mfukoni. Walipomaliza kuizika upya, akapanda gari akaondoka bila kuaga.

Kabla jua halijazama homa ilishuka. Fetu akaomba supu ya ndizi. Mtandao ulijaa nyumba nzima.

"Ameondoka, Bibi?" Masina akauliza.

"Hapa kwako, ndiyo. Wewe umemwomba radhi."

Simu ikaita. Alikuwa mke wa Fereti, akizungumza kwa kunong'ona.

"Dada, huyu mwanamke aliyekuja na Fereti ni nani? Kaketi hapa kwenye kochi, nywele zimejaa udongo, hasemi neno. Na Fereti hajashuka garini. Namwita, haitikii."