Nilijibu "Salama"

Ndugu zangu, nyumba yetu ilikuwa tulivu. Mimi naziba pancha za baiskeli barazani, mke wangu ndani anashona sare za shule, na sauti ya cherehani yake ndiyo ilikuwa redio yetu. Kisha madaktari wakakuta saratani kwenye titi lake la kushoto, tukaanza safari za wodini.

Siku ya dozi ya tatu, muuguzi alimwekea sindano ya dripu mgongoni mwa mkono wa kulia. Kabla ya kufungulia dawa, ile nyekundu, akatuonya.

"Mama, hii ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Ukihisi moto, maumivu au uvimbe, sema hapohapo. Usinionee haya."

Tukaitikia. Kuitikia tunajua sana.

Haukupita muda mke wangu akaninong'oneza, "Baba Mapacha, mkono unawaka."

"Dawa kali ndiyo inayofanya kazi. Kaza moyo."

"Unawaka kweli."

"Wewe uliyezaa wawili kwa mpigo, leo ulie kwa kasindano?"

Akacheka kidogo.

Muuguzi, aliyekuwa na mgonjwa mwingine, akageuka. "Mko salama hapo?"

Nami, kama mtu aliyesalimiwa njiani, nikadakia, "Salama tu, sista. Za kwako?"

Yeye alikuwa anaulizia mkono. Mimi nikaitikia salamu.

Alipofika mwenyewe kutazama, mkono ulikuwa umevimba, ngozi imekazana hadi inang'aa. Alifunga dripu papo hapo, akaiacha sindano mahali pake ili ajaribu kuvuta dawa irudi, akamwita daktari.

"Mama, mbona hukusema?"

Mke wangu akatazama ukutani. Hakunitaja.

"Alisema," nikajibu. "Aliniambia mimi."

Kidonda kilikaa miezi. Dozi ya nne ikachelewa, na siku zile za kungoja nilihesabu kila kikohozi chake. Saratani, namshukuru Mungu, ilirudi nyuma. Lakini vidole viwili havikunjiki, na mkasi haushikiki. Vitambaa nakata mimi, kombokombo, naye hunielekeza kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Funzo

Wewe unayemsindikiza mgonjwa, usijibu kwa niaba ya mwili usio wako. Wodini, "mko salama?" ni swali la tiba. Dawa ya saratani inayopita mshipani haitakiwi kuunguza mkono. Mgonjwa akisema inawaka, usimpime ushujaa, ita muuguzi hata kama utaonekana msumbufu. Wauguzi nao, nawaomba, mwulizeni mgonjwa mwenyewe na mtazame mkono. Simlaumu yule wetu; alikuwa mmoja kwa vitanda sita, na onyo alikuwa ameshatoa.

Mke wangu alisema mapema. Aliyechelewa kusikia ni mimi, niliyekuwa nimekaa karibu naye kuliko wote.